Nilimnyang'anya kitabu, nikakesha nikikisoma

MUHULA uliopita nilifanya jambo ambalo walimu wengi tunalifanya bila kufikiri. Nikiwa zamu ya kusimamia masomo ya jioni hapa Mudende, nilimkuta msichana wa mwaka wa tatu amefungua atlasi, na ndani ya atlasi ameficha kitabu kingine. Nikakichukua. Nikamwambia yale ya kawaida, kwamba mtihani wa taifa haumsubiri mtu, na kwamba hadithi za uchawi na mapenzi hazijampa mtu cheti.

Kitabu chenyewe ni Akata Witch cha Nnedi Okorafor, kilichotoka mwaka 2011. Nilikwenda nacho nyumbani nikiwa na nia ya kukifungia kabatini. Sasa, anayeijua baridi ya huku chini ya volkano anajua kwamba ukishakaa karibu na jiko la makaa hutaki kuinuka tena. Nikafungua ukurasa wa kwanza ili nione tu ni upuuzi gani. Saa nane za usiku mke wangu akauliza kama kuna mtu anaumwa, maana taa ilikuwa bado inawaka.

Basi leo nakiri mbele ya wasomaji: mimi ni mtu mzima, ninakaribia miaka hamsini, na ninazifurahia riwaya za vijana. Zile za watoto wanaogundua kuwa wana nguvu za ajabu, za mapenzi machanga yasiyojua yaanzie wapi, za safari za kwenda kupambana na joka au mfalme dhalimu. Nyingine ni mbovu, nakubali. Msichana mmoja kupendwa na wavulana wawili kurasa mia nne, akishindwa kuchagua, kunanichosha, na huruka kurasa. Lakini zilizo nzuri zinanishika kama zilivyonishika utotoni.

Katika kitabu hicho, Sunny amezaliwa New York kwa wazazi Wanaijeria, kisha familia inarudi Nijeria yeye akiwa na miaka tisa. Ni zeruzeru, na darasani wanamwona mgeni ingawa yuko kwao. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kidogo.

Mimi nilisoma Karagwe, mkoa wa Kagera, Tanzania, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Rwanda sikuijua. Niliisikia tu jioni kwa wazazi: nchi ya maziwa na asali, yenye milima elfu na ng'ombe wenye pembe ndefu kama upinde. Kwa mtoto wa ukimbizini, nchi ya wazazi ni nchi ya hekaya, haina tofauti kubwa na zile falme za vitabuni zenye ramani ukurasa wa mbele. Mwaka 1996 tukarudi, na mimi nikakuta nchi ya kweli, yenye matope, viazi, na makaburi mengi. Tena tukapewa majina kufuatana na tulikotoka. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa hadithi ya Sunny haituhusu, huwa nashangaa anazungumzia "sisi" gani.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, alipoliona kava la kitabu alinijibu kwa hoja nzito. Alisema: hapa Mudende, Agosti na tena Desemba 1997, wakimbizi wa Kongo waliuawa kambini, wengi wao wanawake na watoto. Watu waliosalia kutoka siku zile bado wako hai. Mahali kama hapa, watoto wafundishwe mambo ya kweli, si mazimwi.

Nimeitafakari hoja hiyo kwa wiki nyingi, na siwezi kuikubali. Watoto ninaowafundisha wamezaliwa baada ya yote hayo, lakini wengi wanaishi na watu wazima wanaonyamaza ghafla katikati ya sentensi. Wanajua kuna kitu. Riwaya ya vijana yenye muuaji wa watoto, kama ilivyo hiyo ya Okorafor, inamruhusu msomaji aogope kwa kipimo anachokiweza, afunge kitabu akichoka, akifungue tena kesho. Silabasi yangu haina nafasi ya jambo hilo.

Na tangu lini mambo ya ajabu yakawa mageni kwetu? Kutoka huku usiku tumezoea kuona wekundu wa Nyiragongo angani. Wazee wetu walisimulia kwamba Ryangombe na waliomfuata wako Karisimbi, na kwamba wasiomfuata hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Katika Kiswahili nako, Shaaban Robert alituandikia Adili na Nduguze, kilichochapishwa mwaka 1952, chenye ndugu wawili waliogeuzwa manyani, mji ambao watu wake wamekuwa mawe, na binti wa kupendwa ndani yake. Hiyo tunaiita fasihi na tunaitungia maswali. Mashimo ya Mfalme Sulemani nayo ilisomwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1929. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania, kisha baadaye ikafundishwa. Walimu waliowanyang'anya wanafunzi kitabu hicho sijui walijisikiaje walipokikuta kwenye orodha ya vitabu vya kufundishia!

Kuna jambo la ushabiki pia, ambalo wazee wenzangu hulicheka. Kule Karagwe tulikuwa na nakala moja ya riwaya ya Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, iliyozunguka kijiji kizima. Ilipofika kwangu kurasa za mwisho zilikwisha kuwa karatasi za kufungia karanga sokoni. Basi kila mmoja wetu akatunga mwisho wake, na tukagombana juu ya nani amemtendea haki Willy. Wa kwangu aliponea chupuchupu na akaoa. Miaka ya baadaye niliisoma riwaya ya Rainbow Rowell ya mwaka 2013, Fangirl, juu ya mwanafunzi wa chuo anayeandika hadithi ndefu kuhusu kijana mchawi wa kitabu anachokipenda, na mwalimu wake anamwambia kwamba huo ni wizi wa kazi ya mtu. Nilimwonea huruma msichana yule. Sisi wezi wa Karagwe tulijifunza kuandika kwa wizi huo huo.

Na tusijifanye kwamba ni mambo ya wazungu. Tangu mwaka 2004 watu wa nchi hii walikusanyika redioni kusikiliza Musekeweya, wakabishana sokoni juu ya mapenzi ya Shema na Batamuriza kana kwamba ni watoto wa jirani. Watu wazima, wenye ndevu.

Sasa nirudi kwa yule msichana. Ndani ya kitabu kulikuwa na daftari. Mwaka mzima nimemwomba insha ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ananipa nusu. Humo daftarini nilihesabu kurasa thelathini na nane, Kiswahili cha Goma kikichanganyika na Kinyarwanda, sarufi yake ya kumtoa mwalimu machozi. Sunny amevuka ziwa, amefika Rubavu, anapanda Nyiragongo kumtafuta bibi ambaye nyumbani hakuna anayetaka kumtaja. Hadithi imekatikia njiani.

Nilimrudishia vyote viwili mbele ya darasa, na nikamwomba radhi, jambo ambalo halikuwafurahisha wenzangu wote. Katika kikao cha walimu limeletwa pendekezo la kupekua mabweni na kukusanya vitabu "visivyo vya masomo". Nimelipinga, na nimeomba badala yake rafu moja katika chumba cha maktaba. Kura itapigwa muhula huu.

Msichana aliniuliza jambo moja tu: kama ni kweli kuna kitabu cha pili. Kipo, kimetoka mwaka 2017. Nimekiagiza Kigali na kimeshafika, lakini nimemwambia amalize kwanza kupanda mlima wake. Isitoshe, mimi mwenyewe niko ukurasa wa sitini.