Mvua Ilipotuweka Shika Adabu

Umewahi kukaa saa nne nzima katika hema la watu wawili, nanyi mko watatu, baiskeli zimelala nje matopeni, na nyumbani ni kama pua na mdomo?

Sisi yalitupata Jumapili moja mwishoni mwa Aprili, pale Shika Adabu, Likoni. Tulikuwa tukirudi Changamwe kutoka Tiwi, mimi, mpwa wangu wa kidato cha pili na rafikiye. Mvua ikatuteremkia saa nane mchana. Wengi hudhani masika ni Aprili, na Nairobi ndivyo, lakini huku pwani mwezi mzito hasa ni Mei, kusi inapovuta unyevu kutoka baharini. Sisi tulionja mwanzo wake tu.

Mzee mmoja akaturuhusu tupige hema shambani kwake, akatukaribisha na ndani. Nikamshukuru, nikakataa. Wasafiri wa baiskeli walale nyumbani kwa watu? Tukajiweka mbali na minazi, maana nazi haichagui kichwa, tukachimba mfereji upande wa juu ili maji yapite kando.

Kisha simu ikalia. Dada yangu. "Mtoto ana shule kesho. Feri iko hapo tu. Mnangoja nini?"

Mpwa wangu akadakia, "Kweli mjomba, ni mwendo mfupi tu. Twende!"

Nilitamani kukubali, sikufichi. Lakini breki za mpira zikilowa hazishiki rimu upesi, shimo lililojaa maji hulijui na lami, na malori ya barabara ile hayakungoji uchague njia. Nikasema hatwendi. Kijana akanuna, akanipa mgongo, na katika hema lile mgongo wa mtu ulikuwa ukikugusa mbavuni.

Magharibi ngurumo zikaanza. Tukawa tunahesabu toka umeme unapomulika hadi mlio ufike. Kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Ya kwanza tukapata 20. Halafu 12. Halafu 7, na hapo nikaona aibu. Hata ukihesabu 30, radi iko kama kilomita 10 tu nawe umekwisha kuwa hatarini, na hema si kinga kabisa. Mimi niliyewahubiria vijana kuhusu breki nilikuwa nimewaketisha chini ya kitambaa kwa kiburi changu mwenyewe, na nyumba ya mawe iko hatua thelathini!

"Tokeni!" nikasema. Tukakimbia tukaacha kila kitu.

Bi mkubwa akatupa kanga kavu, chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Hakusema neno, na lau angenicheka ingeniuma kidogo. Tulikaa humo mpaka nusu saa ipite bila ngurumo hata moja, na bado mzee akatukataza kutoka. Tukalala mkekani. Usiku mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, ile 7 ilikuwa karibu sana, ee?" Nikamwambia alale.

Alfajiri yalibaki manyunyu. Tulivuka na feri tukiwa tumerowa matope hadi magotini, na mtoto akaingia darasani saa tano. Dada yangu ameapa kuwa hapandi baiskeli nami tena mpaka kaskazi ivume.