Mtoto Mwenye Ulemavu Naye Huumwa Meno



Mama mmoja alifika hospitalini kwetu akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miaka tisa. Mtoto huyo ana mtindio wa ubongo. Hatembei wala hasemi. Kwa wiki tatu alikuwa akikataa chakula, akilia usiku na kujiuma mkono. Majirani walisema ana mapepo. Mama alikwisha kupita katika kituo kimoja cha afya, akaambiwa mtoto hatulii, ampeleke kwingine. Tulipomfungua kinywa tulikuta gego limeoza na ufizi umejaa usaha. Hapakuwa na pepo, palikuwa na jino.

Mtoto huyo nilikuwa nikimwona kliniki tangu akiwa mchanga. Nilimpima uzito, niliuliza habari za degedege, nilimnyoosha miguu. Kinywa sikukitazama hata mara moja. Kwa hiyo haya ninayoandika najiambia mimi mwenyewe kwanza.

Maoni yangu ni haya: watoto wenye ulemavu na wenye maradhi ya kudumu tunawafikisha kwa daktari wa meno siku ya kung'oa tu. Mzazi husema, "Huyu ana shida kubwa kuliko meno." Mhudumu husema, "Huyu hatulii." Wakati sisi tunasema hivyo, jino linaendelea kuoza.

Je, kwa nini watoto hawa waangaliwe zaidi? Kwanza, wengi hawawezi kushika mswaki, na chakula laini hukaa muda mrefu mashavuni. Pili, dawa za maji wanazokunywa kila siku mara nyingi zina sukari. Tatu, dawa ya kifafa iitwayo fenitoini huweza kuvimbisha fizi. Hata hivyo usimwachishe mtoto dawa hiyo, bali mwone daktari. Nne, watoto wenye hali iitwayo Down hupata magonjwa ya fizi kwa urahisi. Tano, mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo yuko hatarini, maana vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo. Mweleze daktari wa meno habari za moyo kabla hajagusa jino.

Mtoto asiyeweza kusema husema kwa matendo. Akikataa chakula, akijipiga shavu, akitokwa na udenda kuliko kawaida au akiamka usiku akilia, mtazame kinywani kabla ya kutafuta mchawi.

Nyumbani, msafishe meno mara mbili kwa siku, na ya usiku isikose. Kaa nyuma yake, kichwa chake kiegemee kifua chako. Asilale chali kabisa, asije akapaliwa. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi: kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, kwa mkubwa kidogo kiasi cha punje ya njegere. Usiweke kidole katikati ya meno yake, anaweza kukuuma bila kukusudia. Akishakunywa dawa yenye sukari, mpe maji, au mpanguse meno kwa kitambaa safi chenye maji.

Kisha mpeleke kwa tabibu wa meno kabla hajaumwa. Akizoea kiti, taa na sura ya mhudumu siku asiyo na maumivu, siku ya matibabu atatulia zaidi. Tundu dogo linaweza kuzibwa katika hospitali ya wilaya. Tukichelewa, mtoto asiyetulia huenda akahitaji dawa ya usingizi katika hospitali kubwa, na hapo ndipo nauli na gharama humshinda mzazi.

Nasi wahudumu tujisahihishe. Mtoto huyu apewe nafasi ya kwanza asubuhi, asikae katika foleni mpaka achoke. Mama aruhusiwe kumpakata. Ikibidi kumpeleka kwingine, tumwandikie barua, tumwambie aende wapi na siku gani. Kumwambia "mpeleke mbele" bila barua ni kumfukuza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania inampa haki ya kutibiwa bila kubaguliwa. Tusingoje mama aje na kitabu cha sheria mkononi.

Na ninyi wa jumuiya ndogo ndogo, mnazijua nyumba zenye watoto hawa. Mama anayembeba mtoto wa miaka tisa hawezi kufika mbali peke yake. Mmoja amsindikize, mwingine abaki na wadogo zake, wengine wachangie nauli.

Yule mtoto aling'olewa jino. Siku ya tatu mama aliniambia amekula uji bakuli zima, akalala mpaka asubuhi. Wiki tatu za njaa na kilio zingeweza kuepukwa kama mtu mmoja tu, nikiwamo mimi, angemfungua kinywa mapema.

Leo jioni mfungue mwanao kinywa, umtazame.