Usiiue X Kabla Hujaonyesha Mlango

Wasee, leo tuongee kuhusu ile X nyekundu ya pembeni.

Nilitengenezea chama kimoja Kawangware fomu ya Excel ya michango. Katibu anaketi saiba, anajaza jina na pesa, halafu kwa mazoea anabonyeza X kabla ya kuhifadhi. Alichojaza kimeenda. Jumapili mama anaambiwa hajalipa na alilipa. Hapo vita huanza.

Nikaamua kuiua X. Ni rahisi: kwenye QueryClose ya fomu unaandika kwamba CloseMode ikiwa vbFormControlMenu, basi Cancel = True. Ukibonyeza X, hakuna kitu kinafanyika. Nikajiona fundi.

Kikundi kingine cha Kibera kikaitaka, nikawapea. Katibu wao akaandikisha wanachama karibu wote, akafika kwa mama asiye na simu. Fomu yangu ilikataa kuhifadhi bila namba ya simu. X imekufa, na kitufe cha kutoka sikuweka. Dakika za saiba zinahesabiwa. Jamaa wa saiba akamsaidia kwa njia aliyojua: Task Manager, akaiua Excel yote. Majina yote yakapotea, kwa sababu hayakuwa yamehifadhiwa kwa faili. X ingempotezea mama mmoja tu. Mimi nilimpotezea chama kizima.

Maoni yangu ni haya: wengi wetu huzima X kwa uvivu. Ni rahisi kumfungia mtu kuliko kumsikiliza. X usiiue, ishike. QueryClose hiyo hiyo inaweza kuuliza: nihifadhi, nitoke bila kuhifadhi, ama nirudi? Weka kitufe cha Toka ambacho hakikatai. Kila mchango ukiingia, makro iandike ThisWorkbook.Save.

Kuna wenye watasema watu hawasomi ujumbe. Sawa, lakini asiyesoma swali hatasoma pia X iliyonyamaza.

Na usidhani hiyo ni kufuli. Hata ukizuia Excel yenyewe isifungwe kwa BeforeClose, makro zikizimwa, X inafanya kazi kama kawaida. Na tangu 2022 Microsoft imeanza kuzuia makro za faili zinazotoka mtandaoni.

Siku hizi kabla sijampea mtu fomu, naijaza vibaya makusudi, halafu najaribu kutoka. Nikikwama mimi, yule mama atakwama zaidi.