Ada ya Dalali Ilipwe na Nani?

Jijini Nairobi, anayetafuta chumba cha kinyozi Makina, Kibera, au kioski cha chapati karibu na steji ya 46 kule Kawangware, mara nyingi hukutana na dalali kabla hajamwona mwenye ploti. Huenda dalali huyo ndiye msimamizi wa ploti yenyewe, aliyejua mapema nani anafunga duka. Ada yake huitoa mpangaji. Kwenye majengo ya ofisi ya Upper Hill na Westlands, kwa kawaida ajenti hulipwa na mwenye jengo. Kampuni inasamehewa, mama chapati anatozwa.

Wanaotetea desturi hii wana hoja moja nzito: ukimtwika mwenye ploti ada hiyo, ataipachika kwenye kodi. Kweli, kwa kiasi. Lakini tuhesabu. Tuseme kioski ni shilingi 6,000 kwa mwezi na dalali anadai kodi ya mwezi mmoja. Ongeza dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza: mpangaji ametoa 18,000 kabla hajanunua unga wala jiko. Akikaa miaka miwili, ada ya dalali imemgharimu 250 kwa mwezi. Akiondolewa baada ya miezi mitano, ni 1,200. Na muda wa kukaa hauamui yeye.

Maadamu kila anayeingia ndiye hulipa, kila anayetoka ni riziki ya dalali, na mwenye ploti hapotezi kitu. Biashara ikichangamka, kodi inapanda. Asiyeiweza na aondoke, dalali ana wengine kwenye simu. Ada ikitoka mfukoni mwa mwenye ploti, atafikiri mara mbili kabla ya kumfukuza mtu. Tena yeye na dalali wanajuana miaka nenda miaka rudi, anaweza kumshusha bei. Mpangaji hukutana na dalali mara moja, akiwa na haraka.

Sheria ipo. Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ya tangu 1965, humlinda mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi: hapandishiwi kodi wala hafukuzwi bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na akipinga, shauri huenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Ila kinyozi akifunga siku nzima kufuata kesi, siku hiyo hana mapato. Nayo sheria ya mawakala wa nyumba ya 1984 inakataza uajenti bila usajili. Sioni faida ya kuwakamata madalali wa mitaani. Wanajua mlango upi una wateja, upi huingiwa na mafuriko, na mwenye ploti yupi hutia kufuli kodi ikichelewa siku mbili. Hiyo ni kazi, na ina malipo yake.

Ujerumani iliamua mwaka 2015 kwamba kwenye nyumba za kupanga, aliyemwagiza dalali ndiye amlipe; jiji la New York likafuata Juni 2025. Maduka hayakuguswa, kana kwamba kila mfanyabiashara ana wakili.

Kawangware kanuni hiyo ingeshika, kwa kuwa ploti nyingi ni za watu binafsi na wenyewe wanajulikana. Kibera ni kibarua kingine. Ukiacha ekari 288 ambazo jamii ya Wanubi ilipewa hati yake 2017, sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali. Anayekusanya kodi anamiliki mabati na kuta tu. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mtu asiyejua kama jengo litakuwepo mwakani hukimbilia hela ya leo, na kumlipa dalali hatakubali. Huko ningeanza na dogo: nusu ya ada ilipwe siku ya kuingia, nusu baada ya miezi sita, mpangaji akiwa bado yumo. Dalali atakayempeleka mtu kwenye kibanda kilichopigwa X nyekundu ya kubomolewa, nusu ya pili asiione.