Swichi Isiyo na Waya na Taa ya Bi Mkubwa



Wapenzi wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili safu yetu inapanda bara mpaka Nairobi, kwa jamaa zetu wa Kibera na Kawangware. Ni nadra kwetu Pwani kupata nyumba isiyokuwa na dada, mwana au shangazi katika mitaa hiyo. Kutoka huko tumefikiwa na visa viwili, na vyote viwili vinahusu kitu kidogo cha ukutani: swichi ya taa isiyo na waya. Tumeona tuvieleze, kwa sababu vifaa hivi vimeanza kuingia majumbani mwetu kama zawadi, na mara nyingi zawadi hufika bila ya maelezo.

Kisa cha kwanza ni cha bi mkubwa mmoja wa Makina, Kibera. Yeye ni mzawa wa Mombasa, aliyeolewa kwa Wanubi akiwa kijana. Wanubi, kama wengi wetu tujuavyo, ni kizazi cha askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, wakapewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Walikaa zaidi ya miaka mia wakisubiri hati, hata mwaka 2017 Serikali ilipowakabidhi hati ya ardhi ya jamii, ekari 288. Nyumba ya bi mkubwa ni ya kuta za udongo na paa la mabati, ina ukumbi katikati na vyumba kulia na kushoto, mfano wa nyumba zetu za huku.

Kitanda chake ki upande mmoja wa chumba, na swichi ya taa i upande wa pili, kando ya mlango. Bi mkubwa huyu huamka usiku kwa ajili ya tahajudi. Mara ya kwanza alijikwaa kwenye kigoda, akaumia goti. Mara ya pili alianguka, akavunjika mkono. Wakwe zake walimshauri alale taa ikiwaka. Akawajibu, “Wanangu, Mtume ametuusia tuzime taa tulalapo. Na hizo tokeni, nani atazinunua?” Jibu lake lilikuwa na haki pande zote mbili. Usia huo umo katika hadithi sahihi, na sababu yake ni nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku ikiwa na watu ndani yake. Mtaani Kibera, ambako nyumba zimebanana na moto huruka kutoka paa hadi paa, hapana anayehitaji kuelezwa maana ya maneno hayo.

Mwanawe aliyeko Maskati alipopata habari, alimnunulia swichi isiyo na waya akamletea kwa mkono wa msafiri. Hapo ndipo maswali yalipoanza: kitu hiki kinafungwaje, na nani akifunge?

Kwanza tufahamu kilivyo. Kifurushi kina vitu viwili. Kimoja ni swichi yenyewe, ambayo haina waya wowote. Hugandishwa ukutani kwa gundi yake au kwa misumari miwili ya bisibisi. Nyingine hutumia betri ndogo ya duara. Nyingine hazina betri kabisa, bali kule kuibonyeza kwenyewe huzalisha umeme kidogo unaotosha kupeleka ishara. Cha pili ni kipokezi, kijisanduku kinachofungwa karibu na balbu. Hicho ndicho kinachoguswa na umeme wa nyumba, nacho ndicho kinachowasha na kuzima taa kinapopokea ishara kutoka kwenye swichi.

Mpango huu unafaa sana kwa nyumba zetu, kwa sababu ambayo mafundi wanaijua. Ipo aina nyingine ya swichi za kisasa, inayowekwa mahali pa swichi ya zamani, nayo mara nyingi huhitaji waya wa laivu na waya wa nyutro. Lakini katika nyumba nyingi za Kenya, kwa desturi ya ufungaji tuliyoirithi kwa Waingereza, laivu pekee ndiyo inayoshuka hadi kwenye swichi na kurudi juu. Nyutro hubakia darini penye balbu. Wengi wamenunua swichi hizo wakafungua boksi la ukutani na kukuta nyaya mbili tu, zote za laivu. Kipokezi kinachofungwa darini hukuta kila kitu hapo hapo, na ukuta wa udongo hauhitaji kuchimbwa.

Atakayenunua na aangalie mambo matatu kabla ya kutoa pesa. La kwanza ni nguvu ya umeme: Kenya tunatumia volti 240, sawa na Oman, na nchi za Ghuba kwa jumla hazitofautiani sana nasi. Kifaa cha Marekani kilichotengenezwa kwa volti 120 tu kisifungwe. La pili ni mzigo: kipokezi cha ampea 5 hubeba wati 1,200 kwa hesabu ya volti zetu. Hiyo yatosha taa na feni, lakini pasi na hita ya maji ya kuogea zisikaribie hapo. La tatu ni umbo, kwa atakayependa kufunika boksi la zamani: kibao cha kwetu ni cha mraba, karibu sentimita 8.6 kila upande, na kibao kirefu cha Kimarekani hakikai.

Sasa twende kwenye kufunga. Hapa tunasema bila ya kuuma maneno: kipokezi kifungwe na fundi mwenye leseni. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inataka hivyo, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona, na fundi mwema hachukii kuulizwa. Fundi alipofika kwa bi mkubwa, hakuanza na kifurushi. Alitaka kwanza kujua umeme unatoka wapi. Kibera na Kawangware kuna umeme wa mita, na kuna ule uitwao sambaza, unaovutwa kwa nyaya kutoka kwa jirani au kwenye nguzo na kulipiwa kila mwezi kwa anayeusambaza. Umeme wa namna hiyo, pamoja na kuwa si halali, mara nyingi hauna sakiti breka ya maana wala waya wa ardhi. Anayefunga kifaa kipya juu yake hawi ametengeneza nyumba yake. Amezidisha hatari ya watoto wake na ya jirani. Nyumba ya bi mkubwa ina mita ya tokeni, alhamdulillahi, kwa hivyo kazi iliendelea.

Fundi alizima swichi kuu, kisha akapima kwa testa kuhakikisha kwamba nyaya hazina umeme. Juu penye balbu aliingiza laivu na nyutro upande wa kuingilia wa kipokezi, na nyaya za balbu upande wa kutokea. Hakuzitegemea rangi peke yake, kwani nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, na za sasa zina kahawia na buluu, na fundi aliyetangulia huenda alichanganya. Swichi ya zamani ya mlangoni aliiunganisha moja kwa moja na kuifunika. Jambo hili wengi hulisahau: swichi ya zamani ikibaki na mtoto akaizima, kipokezi hukosa umeme, na ile mpya haifanyi kazi.

Kisha ikabaki kuzifahamisha sehemu mbili hizo. Alibonyeza kitufe cha kipokezi mpaka kitaa chake kikamweka, akabonyeza swichi mara moja, na taa ikaitika. Kabla ya kuigandisha, aliijaribu kila mahali. Ukuta mmoja wa chumba ni wa mabati, na mabati huzuia mawimbi. Swichi ikiwa nyuma yake ilikuwa ikikosea, na ikiwa mbele yake haikukosea hata mara moja. Wanaokaa nyumba za mabati walizingatie hili. Mwisho swichi iligandishwa kando ya kitanda, mkono wa bi mkubwa unapofika akiwa amelala.

Hapo taa inafanya kazi bila ya intaneti wala simu. Lakini mwana wa Maskati alitaka zaidi. Kipokezi kile kinaweza kuunganishwa na waifai ili taa iwashwe kwa simu kutoka popote. Utaratibu wake si mgumu: simu huunganishwa na waifai ya gigahezi 2.4, kwani vingi vya vifaa hivi haviishiki ile ya 5. Programu ya kifaa huwekwa kwenye simu. Kitufe hushikiliwa mpaka kitaa kimweke upesi upesi. Kisha huandikwa neno la siri la waifai. Katika mipangilio yake kuna swali moja muhimu: umeme ukikatika na kurudi, taa iwe vipi? Chagueni ibakie imezimwa. La sivyo umeme ukirudi saa nane za usiku, taa itawaka hadi alfajiri na tokeni zitakwenda bure.

Bi mkubwa alisikiliza yote, kisha akamwuliza mkwewe, “Kwa hivyo mwanangu akiwa Maskati ataona nikiamka?” Akaambiwa ndiyo, programu huweka kumbukumbu ya kila saa taa inapowashwa. Akatulia, halafu akasema, “Mwambieni Mungu amlipe kheri kwa taa. Kuamka kwangu ni baina yangu na Mola wangu.” Waifai haikuunganishwa.

Jibu hilo linatupeleka Kawangware, kwenye kisa cha pili. Mama mmoja kijana, mumewe dereva wa safari za mbali, anakaa ghorofa ya kupanga karibu na kituo cha 46. Alifungiwa swichi kama hizo sebuleni na chumbani, zikiwa na waifai. Baada ya siku chache taa zikaanza kujizima na kujiwasha, mara alasiri, mara usiku wa manane. Watoto wakaogopa. Jirani mmoja akamshauri atafute wa kumsomea, kwamba nyumba ina majini. Kusoma Qur'ani nyumbani ni kheri kila siku, lakini shida haikuwa hapo. Shangazi yake alipokuja kumtembelea alimwuliza swali moja: “Hizi zilifungwa kwa simu ya nani?”

Zilifungwa kwa simu ya fundi. Ili kumaliza haraka, aliziandikisha kwa akaunti yake mwenyewe, kisha akamshirikisha mama. Katika programu hizo, mwenye akaunti ya kwanza ndiye mwenye nyumba; wengine ni wageni. Fundi hakuwa na nia mbaya. Mtoto wake alikuwa akichezea simu, akibonyeza picha za taa asizojua ziko wapi. Fundi aliona haya sana, akaomba radhi, akazifuta swichi kwenye akaunti yake. Mama akazirejesha katika hali ya upya na kuziandikisha kwa simu yake mwenyewe, kwa neno la siri jipya, na neno la siri la waifai akalibadilisha pia.

Lakini tufikirini, wasomaji. Kwa majuma kadhaa mwanamume asiye mahramu alikuwa na uwezo wa kujua mke wa mtu analala saa ngapi na chumbani mwake taa inawaka wakati gani. Katika Suratun-Nur tumefundishwa kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, na hata watoto wa nyumbani wameamrishwa kuomba idhini katika nyakati tatu za faragha: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya isha. Kifaa kinachotazama nyakati hizo kwa niaba ya mtu wa mbali kinahitaji idhini hiyo hiyo. Hilo halimhusu fundi tu. Mume anayefunga taa ili amchunguze mkewe, au mwana amchunguze mamake, naye ajiulize kama amebisha hodi.

Neno la mwisho ni la gharama, kwani wauzaji husema vifaa hivi huokoa umeme. Tupige hesabu. Kipokezi cha waifai kikila wati 1 mchana na usiku, kwa siku 30 kitakuwa kimekula uniti 0.72. Balbu ya LED ya wati 9 iliyosahauliwa usiku wa saa 8 hula uniti 0.072. Basi ni lazima usahau taa usiku kumi kila mwezi ndipo kifaa kirudishe kilichokula. Asiyesahau hapati faida ya tokeni. Faida yake ni kwa mzee, mgonjwa, mja mzito, na kila ambaye hatua kumi gizani ni safari ndefu kwake. Kwa hao, ni sadaka njema.

Tumearifiwa kwamba mkono wa bi mkubwa umeunga, na kigoda kimeondolewa njiani. Usiku huinua mkono, taa ikawaka, akatawadha akasali. Akimaliza huizima mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.