Alama Tupu Haifundishi

Mwandishi aliyedai kuwa mwalimu mwenye madaftari 90 atoe alama tu, kwani maelezo ni anasa, amekosea. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake kuhusu wanafunzi wa Israeli: waliopewa maelezo bila alama ndio waliopiga hatua. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika hivyo. Naamini macho yao yaliishia kwenye alama.

Wingi wa madaftari ni mzigo wa kweli, sikatai. Basi mwalimu asihangaike na kila kosa la insha. Achague moja zito, aandike, "Aya ya pili inadai bila mfano, ongeza mmoja," kisha kipindi kinachofuata kianze kwa wanafunzi kuiandika upya aya hiyo, yeye akipita kati ya madawati.