Profesa wa Kodi na Kikaratasi cha Mama

Niko Kidato cha Tatu. Muhula uliopita mwalimu alituuliza kila mmoja angependa kuwa nani. Madaktari walijaa darasa, marubani nao hawakukosa. Mimi nikasema nataka kuwa profesa wa uchumi anayechunguza kodi. Lo! Darasa zima likaangua kicheko. Jirani yangu wa dawati akaniuliza, "Sasa wewe utatibu nani?"

Siku hiyo nilinyamaza. Leo najibu.

Mama yangu huuza mboga sokoni. Kila asubuhi, kabla hajauza hata fungu moja la sukuma wiki, hulipa ushuru na kupewa kikaratasi. Mvua ikinyesha, soko hugeuka tope tupu, na choo ni kimoja tu. Vikaratasi hivyo nimekuwa nikiviweka kwenye mkebe tangu Kidato cha Kwanza. Pesa hizo huenda wapi, na ni nani huamua?

Kumbe yuko mtu aliyetumia maisha yake kwa maswali kama hayo! Jina lake Richard Musgrave. Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1910, akaenda Marekani mwaka wa 1933, akapata shahada ya uzamifu Harvard mwaka wa 1937. Alifundisha vyuo kadhaa kabla ya kurudi Harvard, na aliongoza pia tume ya kurekebisha kodi nchini Colombia. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1959 aliipa serikali kazi tatu: kutoa vitu ambavyo mfanyabiashara hawezi kuviuza vizuri, kwa mfano taa za barabarani, kugawa mapato ili maskini asiachwe nyuma, na kuutuliza uchumi ili bei zisipande ovyo wala watu wasikose kazi.

Hiyo ya pili ndiyo inayoniwasha. Musgrave alisema ugawaji huo ni kazi ya serikali ya kitaifa hasa, kwa sababu eneo moja likiwabana matajiri peke yake, wao huhamia kwingine. Hebu tazama kwetu. Waraka Nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulitaka pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa haraka, yaani penye rutuba, mvua na barabara. Waliokaa penye ukame wakabaki kungoja. Katiba ya 2010 ikageuza mambo: kaunti zote 47 zigawane angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, na nusu ya asilimia moja iingie katika Hazina ya Usawazishaji, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Hesabu kama hizo, nani atazipiga kama sote tutakuwa marubani?

Jirani yangu husema, "Hata ukigawa kwa mizani, wakubwa watakula tu." Hapo sitamcheka. Mwaka wa 1998 Musgrave alikutana mjini Munich na James Buchanan, mshindi wa tuzo ya Nobel ya 1986, wakajadiliana kwa siku kadhaa. Buchanan alishikilia kwamba wenye madaraka nao wana tamaa zao, kwa hivyo wafungwe kwa sheria. Musgrave aliiamini serikali zaidi. Mimi niko upande wa Musgrave, ingawa nikikumbuka kile choo kimoja, Buchanan hunivuta shati kidogo.

Musgrave alifariki mwaka wa 2007 akiwa na miaka 96. Nobel hakuipata, na hata katuni moja ya gazeti sijaiona ikimtaja.

Katiba hiyo hiyo inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Nimemwambia mama. Kaunti ikiita mkutano wa bajeti mwaka huu, atafunga kibanda mapema twende sote. Mkebe nitaubeba mimi.